Mkono Uliosimamisha Maandishi

Kabla ya kurekodi somo nazima feni, nafunga dirisha, natundika kanga mbili ukutani ili sauti isirudi, kisha namtuma mtoto kwa jirani akamwombe apunguze redio. Joto la Tanga halisamehe. Jasho hunianza mgongoni kabla sijatamka neno. Mbele yangu pana kamera juu ya miguu mitatu. Mbele ya kamera pana kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, na chini ya kioo imelala simu ikitazama juu. Maandishi ya somo yamo ndani ya simu, yamegeuzwa kushoto kuwa kulia, na kioo ndicho kinachoyarudisha sawa. Nyuma ya kioo pamefunikwa kitambaa cheusi ili mwanga usipenye. Mimi naona maneno. Kamera, iliyo upande wa pili wa kioo, haioni hata herufi moja, inaniona mimi. Hivyo namtazama mwanafunzi machoni na papo hapo namsomea.

Hiyo ndiyo teleprompta, ambayo sisi wa studio tumezoea kuiita prompta. Hii ya kwangu ina jambo moja ambalo zile nilizoanzia kazi hazikuwa nalo: inasikiliza. Nikisema, mistari inapanda. Nikinyamaza, inasimama. Nikiongeza maelezo ambayo sikuyaandika, inakaa palepale nilipoiacha mpaka nirudi.

Masika yaliyopita nilikuwa narekodi somo la fasihi simulizi kwa kidato cha nne. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi inayosema kwamba fanani hawezi kufanya kazi yake bila hadhira. Nilipotamka "bila", mvua ikaanguka juu ya bati kama kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori. Nikanyamaza. Maandishi yakasimama, na neno "hadhira" likabaki mstari wa juu, jeupe juu ya weusi wa kioo. Mvua ilinyesha dakika kumi na moja. Sikugusa kitu, nilikaa tu nikilitazama lile neno. Mvua ilipokatika nikavuta pumzi, nikasema "hadhira", na mstari ukapanda kana kwamba hakuna kilichotukatiza.

Nimesoma mbele ya kamera tangu miaka ya tisini. Nimewahi kuharakishwa, kukatizwa, kuoneshwa vidole vya kuhesabu sekunde na mtu aliyesimama pembeni ya taa. Kusubiriwa dakika kumi na moja na neno moja kulinigusa mahali ambapo sikupatarajia, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni nani hasa aliyekuwa akinisubiri.

Mtu wa kwanza kunisubiri namkumbuka. Televisheni ilikuwa bado ngeni Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, lakini Bara tulianza kuona vituo vyetu mwaka 1994. Mwanzoni tulisoma kwenye karatasi. Msomaji anainama, anainuka, anainama tena, na mtazamaji nyumbani anaujua utosi wake kuliko uso wake. Kisha studio yetu ikapata prompta. Haikuwa na kompyuta. Karatasi za taarifa ziligundishwa moja mkiani mwa nyingine mpaka zikawa utepe mrefu, utepe ukapitishwa juu ya ukanda, na kamera ndogo iliyokuwa juu yake ikayarusha maandishi hadi kwenye kioo mbele yangu. Mwendo wa ukanda uliongozwa na kitufe cha kuzungusha, na kitufe kiliongozwa na mkono wa mtu.

Mtu huyo alikaa nyuma ya taa, mahali ambapo macho yangu hayakufika. Alivaa hedifoni, akasikiliza sauti yangu peke yake. Alinijua kwa pumzi. Nilipokuwa na mafua aliyapunguzia maandishi mwendo kabla sijamwomba. Nilipopata habari ya furaha, nikachangamka, mistari nayo ilichangamka. Nilikaa miezi mingi nikidhani ni kipaji, mpaka jioni moja nilipowahi kufika kazini nikamkuta peke yake, anasoma taarifa nzima ya saa mbili kwa sauti ya chini, penseli mkononi. Kila alipodhani nitavuta pumzi aliweka mkwaju mdogo. Kurasa zote zilikuwa na mikwaju yake. Alikuwa akiisoma habari kwa mapafu yangu.

Nimekuja kujua baadaye kwamba kazi yake ina umri sawa na chombo chenyewe. Prompta ilizaliwa New York mwaka 1950, na wa kwanza kuihitaji walikuwa waigizaji, maana televisheni ya siku zile ilirushwa moja kwa moja na mwigizaji alitakiwa kuhifadhi maneno mapya karibu kila siku. Mwigizaji Fred Barton alilileta tatizo, Irving Kahn akalipokea, na mhandisi Hubert Schlafly akatengeneza sanduku lenye karatasi ndefu inayojikunjua pembeni ya kamera. Tangu mwanzo palikuwa na mtu wa kuiendesha karatasi kwa kumfuata msemaji. Kioo cha mbele ya lenzi kilifuata baadaye. Mwaka 1952 chombo kikaingia kwenye siasa: Herbert Hoover, aliyekuwa rais mstaafu wa Marekani, alikitumia katika mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini Chicago. Mwaka huohuo, huko Indianapolis, mgombea urais Dwight Eisenhower alikuwa akihutubia, maandishi yakaacha kusogea, na hasira yake kwa mwendeshaji ikasikiwa na watu wote. Sauti yake ilikuwa imetangulia, mkono haukumfuata.

Kuhusu Schlafly kuna habari moja ninayoipenda kuliko zote. Alikitengeneza chombo hiki, lakini yeye mwenyewe hakusoma hotuba kwa kukitumia mpaka mwaka 2008, alipokuwa na umri wa miaka 88. Kwa zaidi ya nusu karne alikuwa upande wa yule anayesubiri.

Nilipoacha kazi ya studio nikaanza kurekodi masomo nyumbani, sikuwa na mtu wa kuzungusha kitufe. Nilipakua programu kwenye simu. Programu ya kwanza iliniuliza swali moja: maneno mangapi kwa dakika? Vitabu vya utangazaji vya Kiingereza hutaja maneno kama 150, nami nikaandika namba hiyo kwa imani. Nilipobonyeza kitufe cha kuanza, maandishi yakapanda kama maji ya mafuriko. Namba ile haikuwa yetu. Neno la Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo kwa pamoja. "Hatutawasahau" ni neno moja kwetu, na kwa Kiingereza ni matano. Nikashusha namba, nikashusha tena, mpaka nikapata mwendo uliokaribia kuwa wangu.

Lakini mwendo wa mtu si namba moja. Nikieleza jambo gumu napunguza, nikitoa mfano wa kuchekesha naongeza, nikiuliza swali nanyamaza ili mtoto afikiri. Ile programu haikujua lolote kati ya hayo. Ilipanda mwendo uleule kwenye swali na kwenye jibu. Nikawa nalikimbilia neno kama abiria anayelikimbilia basi lililokwisha kuondoka, na kila nilipolifikia, lingine lilikuwa linaishia juu ya kioo. Nilimwonesha mpwa wangu somo la kwanza. Alitazama kwa dakika mbili hivi, akaniuliza kwa upole, "Shangazi, mbona kama unatugombeza?"

Nilirudia kulitazama mwenyewe, nikaona alichokiona. Macho yalikuwa ya mtu anayefukuzwa. Maneno yote yalikuwa sahihi, hakuna hata moja nililolikosea, na hakuna hata moja lililomfikia yeyote. Wazee wetu walilisema jambo hili kwa maneno machache: kuambizana kuko, kusikilizana hapana. Siku zote niliichukua methali hiyo kuwa ni lawama kwa anayeambiwa. Siku ile niliielewa kwa upande wa msemaji. Mimi ndiye niliyekuwa nasema bila kumsikiliza ninayemwambia, kwa sababu masikio na macho yangu yote yalikuwa yameshughulika na ile mistari inayokimbia.

Ndipo nikapata hii inayofuata sauti. Ufanyaji kazi wake ni rahisi kueleza, ingawa kuutengeneza kulichukua jasho la watu wengi. Kipaza sauti kinapokea sauti yangu, programu inaikata vipande vidogo sana, makumi ya vipande katika kila sekunde, kisha inavilinganisha na sauti za maneno inayoyajua. Kazi yake ni nyepesi kuliko ya programu inayoandika mazungumzo, kwa kuwa maneno yangu yote inayo tayari. Haihitaji kukisia nitasema nini. Ina swali moja tu la kujiuliza muda wote: amefika wapi? Inatazama maneno machache yaliyo mbele, inasubiri kuyasikia, ikiyasikia inapandisha mstari. Nikiruka aya nzima, inatafuta mbele kidogo mpaka inikute. Nikienda pembeni kutoa mfano, haioni ninachosema kwenye maandishi, basi inatulia.

Siku za kwanza ilikwama mara nyingi, na kila ilipokwama nilijifunza kitu kuhusu uandishi wangu. Nilikuwa nimeandika "mwaka 1905" kwa tarakimu katika somo la mashujaa wa Majimaji. Nikasoma "elfu moja mia tisa na tano", nayo ikasimama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Mara ya pili ilikwama kwenye "n.k.", ya tatu kwenye maneno niliyoyatia ndani ya mabano. Nikakumbuka kwamba katika taarifa zetu za habari namba ziliandikwa kwa maneno, na hapakuwa na mabano. Mabano hayana sauti. Jicho huyaona, mdomo hauna la kuyafanyia. Nilikuwa nimeandika kwa ajili ya jicho, kisha nikautaka mdomo ulipe deni.

Mahali pengine ilikwama pasipokuwa na tarakimu wala mabano. Ilikuwa sentensi ndefu yenye "ambayo" tatu, na mimi nilikuwa nikiishiwa pumzi katikati, mwisho wa maneno ukafifia, mashine ikapoteza sauti yangu. Nikaikata sentensi ikawa tatu. Kila moja ikaenea katika pumzi moja, na programu ikanifuata bila kusita. Pale ambapo mashine haikunisikia, mwanafunzi aliyeko nyuma ya darasa naye asingenisikia.

Kiswahili kinampa msomaji msaada mkubwa. Tunasoma kama tulivyoandika, na mkazo wa neno tunajua uko wapi, silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hata neno ambalo msomaji hajawahi kuliona analitamka vizuri mara ya kwanza. Lakini lugha hiihii inaweka mizigo mizito kwenye silabi ndogo. "Watafukuzwa" na "hawatafukuzwa" hutenganishwa na silabi moja tu mwanzoni mwa neno. Msomaji wa habari akiimeza hiyo "ha" kwa haraka, familia za wafanyakazi zinalala bila usingizi. Mkubwa wangu wa kwanza kazini alinifundisha kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, akaniambia niupe kila mwanzo wa kitenzi haki yake. Prompta inayokimbia hunyang'anya haki hiyo. Inayosubiri huirudisha.

Yapo mambo ya macho pia, na anayeanza ni vizuri ayajue. Ukikaa karibu sana na kioo, mtazamaji ataona macho yako yanatembea kushoto kwenda kulia. Rudi nyuma hatua mbili au tatu, kuza herufi, fanya mistari iwe mifupi, maneno manne au matano kwa mstari. Kama huna kioo na unasoma moja kwa moja kwenye simu, yaweke maandishi karibu kabisa na lenzi, si katikati ya skrini. Mambo haya yanajifunzwa kwa siku moja. Kuongea na mtu ambaye hayupo huchukua muda mrefu zaidi.

Nimejiuliza kama ni haki kumtazama mwanafunzi machoni kana kwamba maneno yanatoka moyoni, kumbe nayasoma. Jibu nililipata kwa kukumbuka jambo la utotoni. Mwezi wa Ramadhani tulikwenda tarawehe na bibi, tukasimama upande wa wanawake. Imamu alisoma Kurani kwa moyo, juzuu baada ya juzuu. Safu ya kwanza nyuma yake husimama watu waliohifadhi. Usiku mmoja imamu akafika mahali akasita. Akarudia aya, akasita tena. Ndipo sauti ya mzee mmoja wa nyuma ikamtajia neno lililomponyoka, hilo tu. Imamu akalidaka, akaendelea, na yule mzee akanyamaza mpaka mwisho wa sala. Nilimwuliza bibi kama imamu ameaibika. Bibi akashangaa swali langu. Akasema yule mzee alikuwa anasoma pamoja na imamu tangu mwanzo, neno kwa neno, kimoyomoyo. Angewezaje kumpa neno kama hakuwa naye?

Prompta nzuri inakaa mahali pa yule mzee. Inakuwa nawe neno kwa neno. Lakini imamu alikuwa amehifadhi, na hapo ndipo penye sharti. Tarehe 22 Septemba 1993, Rais Bill Clinton alisimama mbele ya Bunge la Marekani kueleza mpango wake wa afya, akakuta kwenye vioo vya prompta hotuba nyingine kabisa, ya miezi ya nyuma. Wasaidizi wakahangaika kuiweka iliyo sahihi. Yeye akaongea kwa dakika kama saba bila maandishi hayo, na watazamaji hawakugundua. Aliweza kwa sababu jambo lenyewe alikuwa nalo. Maandishi humkumbusha anayejua. Asiyejua hayamfundishi chochote katika muda ule, hata yakimsubiri mpaka asubuhi. Kwa hiyo siku hizi sisimami mbele ya kioo na somo ambalo siwezi kumweleza mpwa wangu jikoni tukimenya viazi. Nikishaweza kumweleza hivyo, kusoma kwangu ni kweli, na kumtazama machoni ni haki.

Sasa niseme kuhusu usiku mmoja ambao nimeubeba miaka mingi. Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1999, Mwalimu Julius Nyerere alifariki dunia London. Nchi iliposikia, barabara zilipungua sauti. Zamu ya taarifa ya saa mbili usiku ilikuwa yangu. Nilipakwa poda mara mbili kwa sababu ya machozi, nikakaa kitini, taa zikawaka. Nilisoma vizuri kichwa cha habari. Nilisoma vizuri tangazo la serikali. Kisha nikafika kwenye wasifu, kwenye sentensi iliyosema kwamba alizaliwa Butiama mwaka 1922. Nilipofika "Butiama", sauti ikaondoka.

Hewani, sekunde sita za kimya ni ndefu kama barabara. Nilikuwa natazama kioo. Maandishi hayakusogea. "Butiama" lilikaa palepale, katikati, bila kutikisika, na mstari unaofuata ukabaki chini yake kama mtu aliyeketi akiwa hana haraka. Hakuna aliyenioneshea vidole. Nilivuta pumzi, nikalirudia neno, mstari ukapanda polepole kuliko siku zote, nikasoma mpaka mwisho.

Taarifa ilipokwisha nilikwenda nyuma ya taa. Nilimkuta mwenzangu bado amekaa, mkono bado uko kwenye kitufe, uso wake umelowa. Akaniambia, "Nilikuwa nakungoja, dada."

Programu ya simu yangu nayo ingesimama usiku ule. Hilo nina hakika nalo. Ingesikia kimya, ingesimama kwenye "Butiama", ingesubiri hata saa nzima. Lakini kwake kimya kile kingekuwa sawasawa na kimya cha mvua juu ya bati. Mwenzangu alisimamisha maandishi kwa sababu alikuwa akilia mahali palepale nilipokuwa nikilia. Sitaki tofauti hii isahaulike, hasa sasa ambapo studio nyingi zinaona hakuna haja ya kumlipa mtu wa kuzungusha kitufe. Kazi yake ikiondoka, msemaji hubaki na mashine inayojua alipo isiyojua anapitia nini. Basi ile nusu nyingine ni juu ya msemaji mwenyewe. Lazima amweke mtu upande wa pili wa kioo. Mimi nimebandika chini ya lenzi kipande cha karatasi chenye jina la mpwa wangu.

Hata hivyo siwezi kuidharau subira ya mashine, na sababu ni kwamba nimefuatilia ilikotoka. Kifaa hakizaliwi kinajua Kiswahili. Kila sauti kinayoitambua kimefundishwa kwa sauti za watu. Kampuni ya Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa kutamka mwaka 2017, na kabla ya hapo wengi wetu tulizoea kuziona simu zetu zikitusikiliza kwa Kiingereza tu. Mwaka huohuo Mozilla ilianzisha mradi wa Common Voice, ambao Kiswahili nacho kiliingia baadaye. Humo watu wa kawaida husoma sentensi moja moja kwenye simu zao na kuzitoa bure, ili yeyote anayetaka kutengeneza chombo kinachosikia azitumie. Mradi huo una milango miwili. Mmoja ni wa kusema. Mwingine ni wa kusikiliza: unasikilizishwa sentensi iliyosomwa na mtu usiyemjua, unathibitisha kama ameisoma sawa na ilivyoandikwa. Kila sauti hupita kwenye masikio ya watu kabla ya kukubaliwa.

Nilipolijua hilo, zile dakika kumi na moja za mvua zilipata maana. Subira ile ina watu ndani yake. Kifaa kinachotusikia kimelelewa na watu wengi waliokaa vyumbani mwao, feni zimezimwa kama ninavyozima yangu, wakasoma sentensi zisizowahusu, na wengine wakakaa kuzisikiliza mpaka mwisho. Hawanijui. Lakini bila watu wa namna hiyo, nikisema "hadhira" hakuna mstari utakaopanda.

Jambo hili lina upande wa pili, nao ndio ulionifanya niandike. Mashine humsubiri anayefanana na wale iliyokwisha kuwasikia. Mimi mtu wa pwani, "dhahabu" na "thamani" zangu hazina shida, lakini nina rafiki anayesema "kura" na "kula" kwa ulimi mmoja, na mashine humwacha njiani. Mama yangu mdogo mwenye umri wa miaka 79, mwenye sauti iliyokwaruzika na lafudhi ya Pangani, alijaribu kusoma kisa mbele ya kioo changu. Alipaza kama wanavyopaza watambaji wa kweli: "Paukwa!" Akangoja. Sote tuliokuwa chumbani tukaitikia, "Pakawa!" Maandishi hayakusogea. Akarudia mara tatu, sauti ikizidi kupungua, kisha akainuka akaniambia kioo chako hakinijui. Alisema kweli. Hakijawahi kumsikia mtu kama yeye.

Katika hadithi zetu, msimulizi aliyesema "Paukwa" hasogei mbele mpaka aitikiwe. Mwitikio ndio unaompa ruhusa ya kuendelea. Tukitaka vyombo hivi viwaitikie mama zetu, wavuvi wetu, watu wa Kigoma, wa Lamu, wa Bukavu na wa Moroni wanaozungumza Kiswahili kila mmoja kwa ladha yake, sisi wenyewe ndio wa kuzipeleka sauti hizo huko.

Kwa hiyo, msomaji, nakuomba nusu saa yako. Ingia kwenye Common Voice, chagua Kiswahili, soma sentensi tano kwa sauti unayoitumia nyumbani, usiipambe. Kisha mweke mzee wako mbele ya simu naye asome tano zake. Mkimaliza msiondoke, fungueni ule mlango wa pili, mkawasikilize wengine watano mpaka mwisho.